Mcheza Kwao Hutunzwa

Msomaji mpenzi, ukipata kusimama Naro Moru alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, utauona Mlima Kenya wote mbele yako, toka msitu wa chini hata vilele vya Batian na Nelion. Karibu na vilele hivyo yako mabaki ya barafu iitwayo Lewis, na chini yake kipo kidimbwi ambacho wageni walikiita Curling Pond, kwa jina la mchezo wa Waskoti wa kutelezesha mawe juu ya maji yaliyoganda. Barafu ile imepungua sana katika muda wa miaka mia iliyopita, na kila kizazi huiona ndogo kuliko walivyoiona wazee wake. Watu wa huku huijua barafu kwa macho, lakini sakitu, yaani umande ulioganda, huijua kwa hasara. Maana asubuhi moja ya sakitu yaweza kuunguza shamba zima la viazi.

Siku moja nilikwenda huko kuwatazama walimu wanafunzi wa chuo chetu wakifanya mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao hakufika kwa sababu ya homa, nami nikalishika darasa lake la kidato cha pili. Kwa kuwa mlima ulikuwa ukionekana dirishani, nilianza kuwaeleza watoto habari za nchi ambazo barafu hushuka hata mabondeni, na watu wake hucheza juu yake mpira wa magongo. Nikawaambia kwamba hata wanawake huucheza, tena wana ligi yao. Darasa lilicheka. Lakini msichana mmoja aliyekaa nyuma hakucheka. Aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, na hao wanawake hulipwa?”

Kengele ililia kabla sijamjibu vyema. Insha hii ndiyo jibu lake, na huenda ikawa na faida kwako pia.

Kwanza nikueleze mchezo wenyewe. Kila upande huwa na watu sita uwanjani, pamoja na golikipa. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, na kwa makali hayo huteleza kwa kasi impitayo mkimbiaji hodari. Hawachezi mpira wa mviringo, bali kisahani kigumu cha mpira mweusi, chenye upana wa sentimita 7 na nusu hivi, na unene wa sentimita 2 na nusu. Uwanja wenyewe katika Amerika ya Kaskazini ni wa urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta. Mchezo hugawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20. Ni mchezo wa nguvu na wa hatari, nao hutaka mazoezi ya kila siku. Likumbuke neno hilo “kila siku”, kwa maana ndilo chanzo cha habari yote itakayofuata.

Mwanzo wa mchezo huu kama tuujuavyo leo huwekwa katika mji wa Montreal, nchini Kanada, ambako tarehe 3 Machi 1875 ulichezwa mchezo wa kwanza wa kupangwa ndani ya jumba. Wanawake hawakukawia kuufuata. Mnamo mwaka 1890 ilipigwa picha huko Ottawa, katika bustani ya gavana mkuu, ikionyesha wanawake waliovaa nguo ndefu wakicheza kwa magongo juu ya barafu. Mmoja wao alikuwa Isobel Stanley, binti wa gavana mwenyewe. Baba yake, Lord Stanley, ndiye aliyetoa mwaka 1892 kikombe ambacho wanaume hukigombania hata leo. Basi ona jinsi historia ilivyogawanya mambo: binti na baba waliupenda mchezo mmoja, lakini kikombe kikawa cha wanaume. Mwaka 1917 wanaume walianzisha ligi yao kubwa ya kulipwa, na tangu hapo mvulana wa Kanada aliyejua kucheza aliweza kuufanya mchezo kuwa kazi. Msichana aliyejua kama yeye alicheza, kisha akarudi nyumbani.

Usidhani kwamba wasichana hao walikuwa dhaifu. Katika miaka ya 1930 ilikuwako timu ya wanawake katika mji mdogo wa Preston, jimbo la Ontario, iliyoitwa Rivulettes. Kwa karibu miaka kumi ilikuwa nadra kabisa kuwasikia wameshindwa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, timu ikavunjika, wala hakuna aliyeona kuwa ni wajibu wake kuijenga upya.

Habari nyingine ni ya mtoto wa Toronto, Abby Hoffman. Alipokuwa na umri wa miaka minane alitaka kucheza, na ligi ilikuwa ya wavulana tu. Alikata nywele zake fupi, akajiandikisha kama mvulana, akacheza vizuri hata akateuliwa katika timu ya wachezaji bora. Huo ndio wema uliomponza. Hati za kuzaliwa zilipokaguliwa mwaka 1956, siri ikafichuka. Wazazi wake walikwenda mahakamani, wakashindwa. Mtoto huyo aliligeukia riadha, akakimbia mita 800 katika michezo minne ya Olimpiki, toka 1964 hata 1976. Nchi yake ilipata mkimbiaji; lakini ilimpata kwa kumfungia mlango mwingine.

Hapo, msomaji, nataka tutue kidogo, nikukumbushe methali uijuayo: mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma za zamani, mtu aliyecheza vizuri mbele ya watu wake alipewa tuzo, fedha au nguo, ili ajue kwamba jasho lake limeonekana. Wahenga waliisema kwa watu wa nyumbani, kwa sababu waliamini kwamba mwenyeji huwatambua walio wake. Je, wanawake hawa hawakucheza kwao? Walicheza kwao miaka mia, wala hawakutunzwa. Basi swali la mwanahistoria ni hili: ni nini kilicholeta tuzo hatimaye? Je, ni huruma ya wenye mali? Ni kuzidi kwa ustadi wa wachezaji? Au ni kitu kingine?

Tutazame miaka iliyo karibu nasi. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yaliyotambuliwa na chama cha kimataifa yalifanywa Ottawa mwaka 1990. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, wanawake waliingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, na Marekani wakawashinda Kanada 3 kwa 1 katika mchezo wa mwisho. Ustadi, basi, ulikuwako, na ulimwengu ukauona. Lakini Olimpiki huja mara moja kila miaka minne, na tumbo hutaka chakula kila siku.

Ligi zikaanzishwa. Moja, katika Kanada, ilianza 2007, na kwa miaka kumi wachezaji wake hawakupata mshahara. Walifanya kazi mchana, katika mashule, maofisini na hospitalini, na usiku wakaenda mazoezini. Mwaka 2017 walianza kupewa kiasi kidogo, na mwaka 2019 ligi ikafungwa. Nyingine, katika Marekani, ilianza 2015 ikiwa na timu nne, nayo iliahidi mshahara tangu siku ya kwanza. Kiwango cha chini kilikuwa dola 10,000 kwa msimu. Wanawake walifurahi. Lakini msimu wa pili ulipoanza tu, Novemba 2016, waliambiwa kwamba fedha hazitoshi, na mishahara itapunguzwa, mingine hata nusu. Hapo ndipo walipojua kwamba ahadi ya mtu mmoja si mkataba wa watu wote.

Somo hilo hawakulisahau. Mwezi Machi 2017, timu ya taifa ya wanawake wa Marekani ilitangaza kwamba haitacheza mashindano ya dunia, ambayo yalikuwa yafanywe nchini mwao wenyewe, mpaka chama cha mchezo huo kikubali kuwapa malipo na matunzo ya haki. Chama kilianza kutafuta wachezaji wengine wa kujaza nafasi zao. Fikiri, msomaji: wako wasichana wangapi, wa vyuoni na hata wa mashuleni, waliokuwa wameota usiku na mchana kuvaa fulana ya taifa? Waliitwa, wakakataa. Hawakutaka kuupata mlango kwa kupita juu ya migongo ya dada zao. Siku tatu kabla ya mashindano, chama kilikubali kufanya mapatano. Wanawake waliingia uwanjani, wakatwaa ubingwa wa dunia.

Miaka miwili baadaye, Mei 2019, baada ya ligi ya Kanada kufungwa, wachezaji zaidi ya 200 walitangaza kwamba hawatacheza katika ligi yoyote ya Amerika ya Kaskazini mpaka ipatikane ligi yenye mshahara na utaratibu wa kutegemewa. Lilikuwa jambo zito. Mchezaji hana miaka mingi. Akiweka gongo chini miaka minne, huenda asiliokote tena. Wengine waliwalaumu, wakasema wanakata tawi walilokalia. Wao walijibu kwa subira, wakizunguka miji mbalimbali kucheza michezo ya maonyesho, huku wakitafuta wenye fedha watakaoweza kukaa nao mezani.

Mwaka 2023 watu hao walipatikana: tajiri mmoja wa Marekani, Mark Walter, na pamoja naye Billie Jean King, bingwa wa zamani wa tenisi, ambaye alipigania malipo ya wanawake katika mchezo wake tangu miaka ya 1970. Sasa tazama kwa makini jambo lililotangulia. Haukuwa uwanja, wala majina, wala fulana. Uliandikwa kwanza mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji, utakaodumu hata 2031. Ndani yake ilitajwa kwamba mchezaji asilipwe chini ya dola 35,000 kwa mwaka. Kwamba wastani wa kila timu uwe dola 55,000. Kwamba wachezaji wasiopungua sita wa kila timu wapate dola 80,000 au zaidi. Ulitaja pia msaada wa nyumba, bima ya afya, na haki ya mama anayejifungua. Kisha ndipo ikazaliwa Ligi ya Hoki ya Wanawake wa Kulipwa, ijulikanayo kwa herufi PWHL.

Lakini historia ya kweli haifichi hasara. Ligi ya zamani ya Marekani, iliyokuwa imekua kufikia timu saba, ilinunuliwa ikafungwa, na mikataba ya wachezaji wake ikavunjwa. Ligi mpya ilianza na timu sita tu. Kwa hiyo wako wanawake waliolala usiku wakiwa na kazi, wakaamka asubuhi hawana.

Kati ya timu hizo sita, nitakueleza moja, nayo ni ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani lenye baridi kali. Katika msimu wa kwanza timu hizi hazikuwa hata na majina ya kupanga; ziliitwa kwa majina ya miji na majimbo yao. Mchezo wa kwanza wa ligi ulichezwa Toronto siku ya mwaka mpya, 2024, na New York wakashinda 4 kwa 0. Siku tano baadaye Minnesota walicheza kwao, katika mji wa Saint Paul, nao walishinda Montreal 3 kwa 0 mbele ya watu 13,316. Mabao yote matatu yalifungwa na Grace Zumwinkle, mzaliwa wa jimbo hilohilo. Mwezi Aprili mjini Montreal walikusanyika watu 21,105 kutazama mchezo mmoja wa ligi hii. Watu walewale ambao daima waliambiwa kwamba hawautaki mchezo wa wanawake, sasa walisimama katika mistari kununua tikiti.

Nahodha wa Minnesota alikuwa Kendall Coyne Schofield, mmojawapo wa waliosimama imara katika mgomo wa 2017 na katika subira ya 2019. Alijifungua mtoto wake wa kwanza Julai 2023, mwezi uleule ambao mkataba uliidhinishwa. Na Januari alikuwa uwanjani. Msimu wao haukuwa laini. Kocha alibadilishwa siku chache kabla ya mchezo wa kwanza. Mwishoni walishindwa michezo mitano mfululizo, wakaingia katika fainali za timu nne kwa bahati tu, kwa kuwa Ottawa nao waliteleza. Kanuni ya ligi ilimruhusu aliye wa kwanza kumchagua mpinzani wake, na Toronto wakawachagua Minnesota, wakiwaona kuwa ndio wanyonge. Wakawafunga mara mbili. Kisha Minnesota wakashinda mara tatu, na Toronto wakarudi nyumbani.

Katika fainali walikutana na Boston. Atakayeshinda mara tatu ndiye bingwa. Minnesota wakiwa na ushindi mara mbili, katika mchezo wa nne huko kwao, walifunga bao katika muda wa nyongeza. Wakatupa magongo na glovu, wakakumbatiana, uwanja mzima ukapiga kelele. Mwamuzi akatazama tena, akasema bao si halali, kwa kuwa golikipa wa Boston alizuiwa. Wakaokota magongo. Baada ya muda mfupi Boston wakafunga. Msomaji, wewe uliyewahi kushangilia kabla ya wakati, waweza kuipima huzuni hiyo. Hata hivyo, siku tatu baadaye, tarehe 29 Mei 2024, ugenini katika mji wa Lowell, walishinda 3 kwa 0 wakatwaa kikombe cha kwanza cha ligi. Bao lililofungua njia lilifungwa na Liz Schepers, mchezaji ambaye hakuwa miongoni mwa wenye sifa kubwa.

Septemba mwaka huo timu zilipewa majina, na Minnesota wakaitwa Frost, maana yake sakitu. Mwaka 2025 waliingia tena katika nne bora kwa tundu la sindano, wakafika fainali na Ottawa. Michezo yote minne iliishia 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Minnesota wakashinda mitatu, na bao la mwisho likawa tena la Schepers. Kabla ya mwaka huo kwisha, ligi ilikuwa na timu nane, maana Seattle na Vancouver ziliongezwa.

Sasa turudi kwetu. Labda utasema kwamba hizo ni habari za mbali. Ziko mbali, lakini si ngeni. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Hapo ilizaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza bega kwa bega na mabingwa wa huko, na Septemba 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa chama cha kimataifa cha mchezo huo. Ligi ya kulipwa haijakuwako kwetu, ya wanaume wala ya wanawake.

Na juu ya majani, mpira wa magongo tunao siku nyingi. Timu ya wanawake ya Telkom, ya Nairobi, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi. Hata hivyo mdhamini alipoondoka, iliwabidi mabingwa hao kuanza upya kwa jina jingine, Blazers. Je, hukuisikia hadithi hiyo mahali pengine katika insha hii?

Nyeri yenyewe ina shahidi wake. Mwaka 1972 ndipo mbio za marathoni za Boston zilipowakubali wanawake rasmi. Mwaka huohuo, Gatunganga, Nyeri, alizaliwa Catherine Ndereba. Alikuja kuzishinda mbio hizo mara nne, na mwaka 2001 huko Chicago alivunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Mbio zake alizikimbia kwa miguu yake mwenyewe. Lakini mlango alioupitia ulifunguliwa na wanawake waliokimbia kabla yake bila namba kifuani na bila tuzo mwishoni.

Basi hili ndilo jibu langu kwa msichana wa kidato cha pili, na kwako wewe. Ndiyo, hulipwa. Lakini hawakulipwa kwa sababu walicheza vizuri; dada zao wa Preston walicheza vizuri, wakasahauliwa. Walilipwa kwa sababu walikubaliana kwa pamoja kuweka magongo chini, hata mdogo wao akakataa nafasi ya mkubwa wake, na kwa sababu walidai maandishi kabla ya makofi. Methali ya wahenga ni ya kweli, ila tuielewe vizuri: mcheza kwao hutunzwa, pale wachezaji wenyewe wanaposimama pamoja na kuwakumbusha watu wa kwao wajibu wao.

Nilipoondoka Naro Moru jioni ile, niliwaona wasichana wa shule hiyo uwanjani na magongo yao, wengine yakiwa yamefungwa kwa kamba mahali yalipopasuka. Yule aliyeuliza swali alikuwa golini. Nilisimama kando ya barabara mpaka giza likaingia na mlima usionekane tena, nao walikuwa bado wanacheza.